Kitabu Chini ya Kitanda

Juzi niliunguza matembele. Jirani alikuwa amekuja na habari za harusi ya mwanawe, nikamsikiliza kupita kiasi, na tulipokumbuka jiko, majani yalikuwa yameshika chini ya sufuria na kuwa meusi. Nilipoanza kukwangua, harufu ya majani na masizi ikanipanda puani, na mimi, mwanamke mzima mwenye vitukuu, nikaketi sakafuni nikalia. Jirani alifikiri nalilia mboga. Akanipa pole, akasema matembele yamejaa sokoni, kesho ataniletea fungu jingine.

Sikumwambia kitu. Ningeanzia wapi? Harufu ile ni ya ubao wa Ticha.

Ninyi wa rika langu mliokulia Elisabethville, Katanga, mnaikumbuka cité yetu, mtaa wa watu weusi, ng'ambo ya ule uwanja mtupu uliotutenga na mji wa Wazungu, na moshi wa kiwanda cha shaba uliotukwaruza koo kila upepo ulipogeuka. Mnakumbuka pia kwamba watoto hatukuwa na kitu hata kimoja cha dukani. Ubao wa Ticha ulikuwa mfuniko wa sanduku la bidhaa. Kila Jumamosi tulikwangua masizi ya sufuria za mama zetu, tukayaponda pamoja na majani ya matembele, tukaupaka ubao kwa kitambaa mpaka ukawa mweusi tii. Jumatatu ulikuwa bado unanuka, na vidole vyetu vilikuwa bado vya kijani. Chaki ilikuwa ile bapa ya mafundi nguo, kwa sababu Ticha alikuwa fundi nguo.

Jina lake lilikuwa Zakaria. Alitoka Nyasa, akaja Katanga kijana, siku zile ofisi nyingi zilipokuwa bado zinaandika Kiingereza, akawa karani wa kuvaa tai. Kisha ofisi zikageukia Kifaransa, wakaja makarani wengine, wengi wao Wakasai waliosomea kwa mapadri, na Kiingereza cha Zakaria kikakosa pa kukaa. Akapata cherehani, akaiweka barazani, akaanza kushona suruali za watu. Alioa mwanamke wa hapa hapa, ambaye sote tulimwita Mama Estere kwa jina la binti yao. Lakini tai hakuivua. Alishona amevaa tai, na juu ya tai utepe wa kupimia, na wanaume wa mtaani walimtania kwamba ana tai mbili wakati hata mkurugenzi wa reli ana moja. Alicheka nao. Sijamwona tena mtu anayechekwa kwa upole kama ule.

Asubuhi, kabla wateja hawajafika, alitufundisha Kiingereza watoto saba wa miaka sita, saba, minane. Mimi nilikwenda kwa sababu ya treni. Baba yangu, Ngoie, mtu wa kaskazini, alikuwa mtia makaa kwenye treni ya Sakania, mpakani. Huko mpakani Wazungu wa Rodezia walitoa amri kwa Kiingereza, na siku moja mwenzake baba alikatwa mkono kati ya mabehewa mawili kwa kutoelewa alichoambiwa.

"Alisikia kelele," baba alimwambia mama siku ile, bado hajanawa. "Maneno hakusikia. Ile muzungu alimuambia aondoke, ni ile maneno yenyewe. Aondoke tu. Batoto bangu habatakufa juu ya neno moja."

Mama alimkumbusha kwamba mapadri wamekataza Wakatoliki kupeleka watoto kwa Mprotestanti. Baba akasema padri hajawahi kuunganisha mabehewa. Basi nikapelekwa mimi, msichana, kwa kuwa mdogo wangu Kasongo alikuwa na miaka mitatu na alikuwa bado anakula udongo. Kama angekuwa yeye mkubwa, nisingefundishwa hata neno, na mambo mengine yote yasingetokea. Nimelifikiria hilo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Ticha hakuwa na vitabu vya kutugawia. Alikuwa na kimoja tu, chenye jalada jekundu na picha ndani, ambacho alikishika mwenyewe na kutuonyesha akiwa amekiinua juu. Kwa mengine alitumia vitu vya kazi yake: kifungo, mkasi, uzi, kitambaa. Aliweka kifungo juu ya cherehani, akauliza kwa Kiingereza kifungo kiko wapi. Tukajibu kwa Kiingereza kifungo kiko juu ya cherehani. Akakiweka chini ya kiti, nyuma ya mlango, ndani ya kiatu chake. Siku moja alikitia kinywani mwake mwenyewe akauliza kwa taabu, huku mashavu yamevimba, na tulicheka hadi Mama Estere akatoka nje kutazama kuna nini.

Kwake ukiulizwa ulisimama. Ulimtazama anayeuliza machoni. Ulijibu sentensi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sauti inayomfikia mtu aliye barabarani. Ukinong'ona, anakurudisha. Ukijibu kwa neno moja, anakurudisha. Ukiinamisha macho, anakunyanyua kidevu kwa kidole kimoja chenye sugu ya sindano. "Sofaya," aliniita, maana Sofi kwake halikuwa jina kamili, "kama unajua, unasema. Kiingereza ni ya batu benye kusema."

Hayo yalikuwa kinyume kabisa na nyumbani. Nyumbani mtoto hamtazami mkubwa usoni. Na mgeni akija kuuliza habari za nyumba, baba yuko wapi, mnakula nini, nani alikuja jana, mtoto aliyelelewa anachora chini kwa kidole cha mguu na kusema hajui, amngoje mama. Mama alinifundisha hilo kabla sijaota meno ya pili, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Kwa hiyo nilikuwa na adabu mbili, moja kwa kila lugha, wala hazikunichanganya. Watoto huvua na kuvaa mambo kama hayo bila kufikiri.

Nilikuwa hodari. Ninalisema bila kujisifu, kwa sababu sina cha kujisifia katika habari hii. Nilikuwa hodari kuliko wote saba, na Ticha aliniita mbele kila Jumatatu niulize badala yake, nikiwa nimeshika mkasi mkubwa. Jioni nilimfundisha Kasongo na vifaranga vya jirani.

Kisha Wanyasa wakaanza kupekuliwa. Sisi watoto tulisikia vipande tu. Kulikuwa na dini iliyokatazwa, dini ya vitabu vya Kiingereza, iliyosemekana inawaambia watu weusi kwamba siku yao imekaribia, na serikali ilikuwa inawatafuta wenye vitabu hivyo. Katika cité, ukisema Kiingereza, ukisema Nyasa, ukisema kitabu, ilikuwa neno moja tu. Watoto sita wakaacha kuja kwa Ticha, mmoja mmoja. Nilibaki peke yangu kwa majuma mawili, na sikuona vibaya: kifungo kilikuwa changu peke yangu.

Jumapili moja baada ya misa Ticha alikuja kwetu. Alikuwa na kifurushi kilichofungwa kwa gunia la unga. Alizungumza na baba wamesimama, na mama akawa anafagia mahali palipokwisha fagiliwa.

"Bwana Ngoie, kwako habatafika," alisema. "Weye uko mukatolika, uko mutu wa treni. Ni kitabu yangu ya batoto tu. Bakiiona kwangu, bataichoma."

"Baba Sofi, ile kintu itatuletea mambo," mama alisema bila kuinua kichwa.

"Ni kitabu, mama," baba alimjibu. "Kitabu haiume mutu."

Baba alikisukuma kifurushi chini ya kitanda chao mpaka ukutani. Kona moja ya jalada jekundu ilichungulia kwenye gunia. Niliiona, nikafurahi sana kwamba kitabu cha Ticha kimekuja kulala kwetu.

Siku yenyewe mama alikuwa ameondoka mapema kwenda shambani kwake upande wa Karavia, kupalilia mihogo, na baba alikuwa kwenye treni. Niliachiwa Kasongo. Tulikuwa uani, nimesimamisha kigae cha chungu juu ya tofali kama ubao, na ninamuuliza Kasongo kwa Kiingereza, kwa sauti ya Ticha hasa, jiwe liko wapi. Kasongo alikuwa amelitia mdomoni.

Mzungu alisimama kwenye ua. Nyuma yake alikuwepo polisi mmoja mwenye kofia nyekundu, lakini yule polisi alibaki barabarani akijikuna shingo. Mzungu alikuwa na soksi ndefu nyeupe na uso uliochomwa na jua, na alikuwa anatabasamu. Sikuogopa. Nilijua yeye ni nani: Ticha alikuwa ametuambia kwamba katika shule za kweli huja mkaguzi, mtu mkubwa, akauliza watoto maswali, na watoto wakijibu vizuri shule hupewa madawati na mwalimu hupewa kazi kubwa zaidi. Tangu aliposema hivyo nilikuwa namngoja mkaguzi.

Alichuchumaa mbele yangu. Akagusa pua yake, akauliza kwa Kiingereza hii ni nini. Nilisimama wima, nikamtazama machoni, yalikuwa ya kijivu, nikajibu hiyo ni pua, bwana. Akacheka kwa mshangao. Akagusa sikio, kiatu, kifungo cha shati. Nilijibu vyote. Akaonyesha saa yake ya mkononi, na hilo sikulijua, kwa sababu Ticha hakuwa na saa. Akanitamkia polepole, mara mbili, mpaka nikalisema. Hilo ndilo neno la mwisho la Kiingereza nililofundishwa utotoni mwangu.

Akauliza mwalimu wangu ni nani. Nilijibu sentensi nzima: mwalimu wangu ni Bwana Zakaria. Akauliza kama mwalimu ana kitabu. Nikajibu ndiyo, bwana, mwalimu ana kitabu. Hata leo ninaisikia sauti yangu, ya juu, safi, inafika barabarani. Akauliza kitabu kiko wapi.

Kitabu kiko chini ya kitanda.

Kitanda kiko wapi?

Kitanda kiko ndani ya nyumba. Nyumba ni hii.

Nilionyesha kwa mkono wote, jinsi tulivyofundishwa, si kwa kidole. Mzungu alisimama, akapangusa magoti, akaniambia mimi ni mtoto mzuri. Hakuingia ndani. Alikwenda zake, na mimi nikamnyanyua Kasongo nikazunguka naye uani nikiimba.

Angeniuliza kwa Kiswahili, asingepata kitu. Ningechora chini kwa kidole cha mguu, ningesema mama yuko shambani. Nilikuwa nimeshajifunza kuficha kwa Kiswahili, na kwa Kiluba cha bibi pia. Kwa Kiingereza nilikuwa sijafundishwa kuficha. Nilikuwa na majina ya vitu na mahali vilipo, basi, na moyo mweupe wa kuvitaja.

Walirudi alasiri na gari. Baba alikuwa ndiyo kwanza ametoka kazini, anajimwagia maji masikioni kutoa vumbi la makaa, na mama alikuwa ameshatua kuni. Polisi wanne waliingia, na hawakufungua sanduku wala kutazama juu ya dari. Walikwenda moja kwa moja kitandani. Majirani walikuwa wamejaa kwenye ua, na kila mmoja aliona jinsi walivyokwenda moja kwa moja.

Nilisimama mlangoni, mikono ubavuni, nikimngoja mkaguzi wangu anitazame. Hakunitazama hata mara moja. Niliumia kidogo kwamba hakunisalimia.

Walipomshika baba, Ticha alitoka mbio barazani kwake, utepe wa kupimia ukimpiga kifuani. Hakuna aliyemwita. Angeweza kutoka kwa nyuma, kupitia kwenye migomba, na mpaka si mbali kwa mtu anayejua njia.

"Kitabu ni yangu," alisema, akihema. "Huyu mutu hajue kintu. Hajue hata kusoma. Nilimuachia muzigo tu."

Mzungu alimgeukia baba, akamuuliza kwa Kiswahili kama ni kweli.

Baba alijua kusoma. Alikuwa ananisomea majina ya stesheni. Alimtazama Ticha, na Ticha akainamisha kichwa kidogo sana, kumwambia akubali.

"Ni kweli, bwana," baba alisema. "Miye sijue kusoma. Alisema ni muzigo, sikuuliza."

Mzungu alikipekua kile kitabu. Katikati kulikuwa na karatasi tatu nyembamba zilizochapwa Kiingereza, akazitoa, akazisoma, akazitia mfukoni. Hadi leo sijui zilisema nini, wala kama Ticha alikuwa wa dini ile au alizihifadhi kwa sababu tu zilikuwa na maneno. Baba wakamwacha. Ticha wakampandisha garini. Alipokuwa anapanda aliniona mlangoni, akaniambia, "Sofaya, Jumamosi musisahau ubao."

Sikusahau. Jumamosi tatu nilipaka ubao ule peke yangu, barazani pake, huku Mama Estere akiwa ameketi kando ya cherehani iliyofunikwa. Nilimwambia Kasongo kwamba Ticha ameenda kupewa shule yenye madirisha ya vioo, na kwamba ni mimi niliyempatia.

Mama nilimwambia jioni ya siku ile ile waliyomchukua Ticha, akiwa anasonga bukari, ugali wetu. Sikuweza kungoja zaidi. "Mama, ni miye nilimuonyesha muzungu. Nilijibu yote, hata moja sikukosa." Mwiko ulisimama. Kisha mkono wake, wenye unga, ukanifunika mdomo na pua kwa nguvu hata nikakosa pumzi. Hakunipiga, na hilo ndilo lililonitisha. Alimwita baba. Baba alichuchumaa, akaniambia nirudie maneno yote, Kiingereza kwanza na kisha Kiswahili. Nilirudia nikiwa nimesimama. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza nani mwingine alikuwepo uani. Nikasema Kasongo. Akamtazama Kasongo aliyekuwa anachezea majivu.

"Toka leo, ile asubui ulikuwa shamba na mama yako," alisema. "Haukuona muzungu. Na Kiingereza, basi. Umesikia, Sofi? Basi."

Nilisikia, lakini sikuelewa. Nilidhani ananionea wivu.

Nilielewa bombani, mtaani petu. Mama Estere alikuwa akipeleka chakula gerezani na kurudi na nguo za kufua, na siku hiyo alikuwa anafua shati la Ticha, lile jeupe la kuvalia tai. Mgongoni lilikuwa na mistari ya kahawia, mingi, mmoja juu ya mwingine. Alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mchanga, akasugua kwa majivu, na mistari ikabaki. Ndoo za wanawake zilifurika bila mtu wa kuziondoa. Nilimvuta mama kitenge, nikamuuliza kwa sauti ndogo ni shule gani hiyo ambako wanapiga walimu.

"Hakuna masomo, Sofi," mama alisema. "Iko buloko."

Buloko ni gereza, na hata mtoto wa miaka mitatu katika cité alilijua neno hilo. Nilitapika pale pale kwenye mfereji wa maji machafu. Mama Estere aliacha shati lake, akaja kuninawisha uso kwa mkono wake wenye povu, akasema mtoto huyu anampenda mwalimu wake sana.

Walimfukuza nchini kabla ya mvua. Mama Estere hakuruhusiwa kumfuata, kwa kuwa yeye alikuwa mwanamke wa Kongo na ndoa yao haikuwa na karatasi ya serikali. Walimpakia Ticha kwenye treni ya Sakania, na mtia makaa wa treni ile alikuwa baba yangu. Hakuwa na namna ya kukataa. Alitia makaa tangu Elisabethville hadi mpakani, na kila alichotia kilimpeleka mtu yule mbele.

Alirudi baada ya siku mbili, akaketi kwenye ngazi ya mlango bila kunawa, akamsimulia mama. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya pazia, nachambua maharage.

Alisema injini ya treni iliposimama kunywa maji, alishuka akaenda hadi kwenye behewa la nyuma. Ticha alikuwa dirishani, amefungwa mikono. Amekonda, anakohoa. Walisalimiana. Kisha Ticha akamuuliza jambo moja tu: ni nani aliyewaambia.

"Ukamujibu nini?" mama aliuliza.

"Nilimuambia ni miye."

Mama alisema jina la Mungu. Akamuuliza kama ana akili.

"Ningemuambia nini, mama? Ni Sofaya yake? Ile mutu habaki na kintu. Kazi hapana, kitabu hapana, bibi hapana. Iko na mutoto mumoja tu mwenye kujua Kiingereza yake. Aende na ile." Alijipangusa vumbi la makaa mikononi. "Na miye, siku ile nilimuacha apande gari peke yake. Basi, iko sawa."

"Na yeye alisema nini?"

"Aligeuza uso."

Nilichambua maharage yote hadi mwisho. Nilikuwa na miaka saba, na nilijua kila kitu kilichokuwa cha kujua, na sikutoka nyuma ya pazia.

Ticha hakuishi. Habari zilifika msimu huo huo wa mvua, na mfanyakazi mmoja Mnyasa aliyetoka ng'ambo: kifua kilimmaliza. Lakini kabla hajafa alikuwa amewaambia wenzake jina, na jina likavuka mpaka pamoja na habari ya kifo. Cité haikuhitaji kuambiwa mara mbili. Kitabu kilitolewa chini ya kitanda cha Ngoie, na Ngoie akalala nyumbani kwake. Watu walikuwa wameshahesabu.

Tangu hapo hakuna mwanaume aliyeketi na baba kwenye pombe ya Jumapili. Walipompisha njia walimpisha kwa upana. Mama alipofika bombani, wanawake walisogeza ndoo zao. Kazini baba alikula peke yake, miaka yote ile, na nilimpelekea mimi chakula nikimwona ameketi juu ya reli na sahani yake. Hakuwahi kunitazama vibaya. Hakuwahi kulisema. Kila asubuhi alipopita mbele ya nyumba ya Mama Estere alivua kofia, akasema, "Jambo, Mama Estere." Hakujibiwa. Kesho yake alivua tena. Nilimchukia kwa kofia ile, ndiyo, nilimchukia, kwa sababu nilijua ananivulia mimi.

Nilikua. Masista walinifundisha Kifaransa na kudarizi, nikaolewa na mtu mwema, nikazaa. Mara kumi, mara ishirini, nilifika karibu na mlango wa Mama Estere nikiwa nimeshapanga maneno yangu. Mara ya kwanza nilijiambia bado ni mtoto. Kisha nikajiambia nitakosa mchumba. Kisha nikajiambia watoto wangu wataitwaje. Sababu hazikuniishia hata siku moja.

Mama alifariki kwanza, na miaka miwili baadaye baba. Kwenye kilio chake hatukuwa wengi: ndugu wa kaskazini waliofika kwa treni, watu wa parokia, jirani wawili watatu waliokuja kwa heshima yangu. Nilikuwa nimeketi mkekani karibu na kichwa cha maiti. Mama Estere aliingia ameshikwa mkono na binti yake. Alikuwa amezeeka, mwembamba, na watu wakampa nafasi, wakidhani amekuja kusamehe.

Alisimama mbele ya baba yangu.

"Ngoie, ni miye," alisema. "Miaka yote ulinisalimia, sikujibu. Leo nimekuya kujibu. Jambo, Ngoie. Wende sasa umueleze Zakaria mwenyewe juu ya nini ulimuuzisha."

Hakulia. Aligeuka, na binti yake akampisha mbele. Kasongo, aliyekuwa mwanaume mkubwa mwenye ndevu, aliruka kutoka kwa wanaume, akataka kumzuia, kisha akasita. Maisha yake yote alikuwa amepigana na watoto wa watu kwa ajili ya jambo lile, bila kulijua. Alinigeukia mimi, mbele ya wote, na Mama Estere naye akasimama mlangoni asikie.

"Yaya, dada yangu, weye ulikuwa mukubwa, ulikuwapo," alisema. "Baba alifanya ile kintu? Uniambie leo."

Kila mtu alinitazama. Mama Estere alinitazama. Nilikuwa mama wa watoto wanne, wawili wao walikuwa pale pale, wameegemea bega langu.

"Nilikuwa mutoto, Kasongo," nilisema. "Sikumbuke."

Kasongo aliketi. Saa tisa tukamzika baba, na jina lile la msaliti juu yake.